Tupeane uzoefu: mzazi (au wewe mwenyewe) alipoanza kusahau, mlifanyaje?

Binti Mwalimu: Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 67, mwalimu mstaafu. Mwaka jana alianza kuuliza swali moja mara tatu ndani ya saa moja, akaunguza maharage, kisha akapotea akitoka kanisani, njia aliyoipita miaka 30. Nyumbani tukasema ni uzee. Neno hilo lilitupotezea miezi minane, na bado linaniuma. Daktari alituuliza dawa anazotumia. Tukamtajia metfomini ya kisukari, anayo mwaka wa 12 sasa. Akaagiza kipimo cha vitamini B12, ikakutwa iko chini sana. Kumbe metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kuuzuia mwili kuifyonza vitamini hiyo, na ubongo unaihitaji. Akaanza sindano. Mwezi wa tatu alinipigia simu mwenyewe kunikumbusha kwamba kesho yake mjukuu anatimiza miaka sita. Nililia. Si yote yamerudi, majina ya majirani bado yanampotea. Nanyi semeni yenu.

Mzee wa Bao: Pole binti, nisalimie mama. Mimi nina 58, kwangu yalikuwa masikio. Mke wangu ananiambia jambo leo, kesho nakataa katakata kwamba hakuniambia. Sikusahau, sikusikia. Nikaacha hata kwenda barazani maana mazungumzo yalinipita. Nimevaa kifaa cha kusikia tangu mwezi wa pili, nimerudi kwenye bao. Daktari aliniambia masikio yakiachwa hivyo hivyo yanaongeza hatari ya demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, na presha isiyotibiwa vilevile. Pimeni, hasa mliovuka 40.

Nyamizi: Sisi ni wa Shinyanga. Bibi alitoka usiku wa manane akagonga kwa jirani, anamwita babu aliyefariki zamani. Kulipokucha neno "mchawi" likaanza kuzunguka. Usukumani vikongwe wameuawa kwa neno hilo. Baba hakungoja, alimhamishia Mwanza siku ileile, na huko hospitali wakasema ni demensia. Ninachojutia ni kwamba tulikuwa tumeficha karibu mwaka mzima kwa aibu. Majirani wangeelezwa mapema kwamba bibi anaumwa, nadhani wangemrudisha nyumbani na kanga mabegani.

Dada Nesi: Niongeze dogo. Mzee akivurugikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mkimbizeni hospitali. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, malaria, sukari kushuka au kukosa maji, na hutibika. Na msimpe Piriton kila akipata mafua, dawa hiyo huwachanganya wazee akili.

Binti Mwalimu: Asante dada, hiyo Piriton iko kabatini kwetu, naitoa leo. Nyamizi, bibi bado yupo?

Nyamizi: Alifariki 2019. Mwishoni hakumtambua hata baba. Lakini ukianzisha wimbo wa kulima, anaupokea mpaka beti la mwisho.