Kumgeuza Faramir kuliokoa dakika ngapi?

Mla_Kurasa
Wakuu, habari zenu. Kama hujamaliza The Lord of the Rings, ile riwaya ya Tolkien, pita mbali na uzi huu maana sitaficha kitu.

Mimi nilianza na filamu. Zile tatu za Peter Jackson, 2001 hadi 2003, nimezitazama mpaka Gandalf, yule mchawi mzee, akifungua mdomo namalizia mimi. Kitabu nimekishika mwaka huu tu. Juzi usiku nikafika kwenye pango nyuma ya maporomoko ya maji, Faramir, yule nahodha wa Gondor, anawahoji Frodo na Sam, wale wawili wanaoibeba Pete ya uovu wakaiharibu. Nikajiandaa: sasa hivi atajua habari za Pete, atawaburuta hadi Osgiliath, ule mji wa magofu, kama kwenye filamu. Kweli Sam akaropoka, siri ikamwagika. Faramir akasimama. Kisha akakaa. Basi! Kumbe alikuwa ameshasema kwamba kitu hicho hata angekikuta njiani asingekiokota, naye akasimama kwenye neno lake. Nikarudisha kurasa mbili nyuma nikidhani kuna mahali nimeruka.

Swali langu: kukata ninakuelewa. Tom Bombadil, yule mhusika wa msituni, ameachwa mzimamzima, sikulia. Kati ya sherehe ya Bilbo na safari ya Frodo kitabuni ni miaka 17, filamu imeipita kama majuma machache, sawa, watu hawana siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Lakini Faramir hakukatwa, amegeuzwa. Tena hiyo safari ya Osgiliath imeongeza muda! Kwa nini umchafue mtu safi na bado ulipie kwa dakika za ziada?

Nyuma_ya_Pazia
Mkuu, niliwahi kugeuza hadithi fupi kuwa mchezo wa jukwaani, watazamaji hawakufika thelathini, kwa hiyo nimeonja kidogo. Mle kulikuwa na ukurasa mzima wa mama anayesita kufungua barua. Ukurasa mtamu kweli. Jukwaani tukapata mwanamke ameshika bahasha na mtu wa mstari wa nyuma anakohoa. Mwisho tukamfanya aiwashe kwa mshumaa, halafu aizime kwa kiganja chake mwenyewe. Hapo ukumbi ukatulia. Mwandishi hakunisemesha wiki nzima.

Faramir ndiye ile barua. Kushinda kwake kishawishi kunatokea kifuani, na kamera haiingii kifuani. Kitabuni mmekaa naye kwa mazungumzo marefu, mnamjua ni mtu wa namna gani kabla Sam hajateleza. Kwenye filamu je? Tumeshatishwa filamu nzima na nusu kwamba Pete inamla kila anayeisogelea: Boromir imemvunja, Galadriel, yule bibi wa Elves, kidogo imchukue, Gandalf hathubutu kuipokea. Halafu atokee mdogo wake Boromir aseme "siitaki, endeleeni na safari"? Mtazamaji angejiuliza kama hiyo Pete ni ya kweli au ni ya bati.

Na kuna hesabu nyingine, nadhani ndiyo iliyowabana zaidi. Juzuu la pili kitabuni linaishia kwa Shelob, yule buibui. Lakini Tolkien anamaliza kwanza habari za akina Aragorn, wenzake Frodo walioachana naye njiani, ndipo anarudi kwa Frodo. Filamu imezisuka mbili hizo pamoja, na ukifuata kalenda ya Tolkien mwenyewe kwenye viambatisho vya mwisho, vita vya ngome ya Helm's Deep vinaanza usiku wa tarehe 3 Machi, Shelob ni tarehe 12. Kwa hiyo buibui akasogezwa filamu ya tatu. Haya, wenzake wanakatana mapanga Helm's Deep, Frodo afanye nini? Ale sungura wa Sam? Ndipo Osgiliath ikazaliwa.

Zumaridi
Ninyi mnatafuta falsafa, mabadiliko mengine ni rangi tu. Viatu vya Dorothy kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, The Wonderful Wizard of Oz, ni vya fedha. Filamu ya 1939 ilikuwa na Technicolor, ile teknolojia ya filamu za rangi, ya kujionyesha, wakavifanya vya yakuti nyekundu ving'ae juu ya ile barabara ya manjano. Leo mwambie mtu ni vya fedha, mtagombana. Hilo mimi halinisumbui hata. Linaloniuma ni kwamba kitabuni Oz ni nchi ya kweli, filamu ikamwamsha mtoto wa watu kitandani kwamba alikuwa anaota.

kimya_kidogo
Harry Potter ya mwisho, 2011. Harry anaivunja ile fimbo ya uchawi yenye nguvu kuliko zote na kuitupa. Kitabuni anaitumia kwanza kuiunga fimbo yake mwenyewe iliyovunjika. Ingechukua sekunde kumi. Sijasamehe.

Mla_Kurasa
@kimya_kidogo nimecheka, ila tuko pamoja.

@Nyuma_ya_Pazia hoja ya kalenda imenikata maneno, nakiri. Nimefungua vile viambatisho kuhakikisha, tarehe ziko hivyo hivyo. Sasa nitetee na hili: kwenye ngazi za Cirith Ungol, ile njia ya mlimani, Gollum, yule kiongozi wao anayeitamani Pete, anautupa mkate wao wa safari, anampaka Sam makombo kwenye joho, na Frodo anamfukuza Sam arudi nyumbani. Kitabuni wanaingia kwenye tundu la Shelob wote wawili. Sam huyu ametembea nchi nzima na sufuria zake mgongoni! Na anatii, anashuka zile ngazi akilia, mpaka aukute mkate chini ndipo agutuke. Mtu ambaye hajala, hajui kwamba hajala?

Nyuma_ya_Pazia
Najua walichotaka: Frodo awe peke yake gizani, ili Sam akitokea na upanga turuke kwenye viti. Na mimi niliruka. Lakini Faramir walimbadilisha ili Pete izidi kutisha, hapa wamembadilisha Frodo ili Gollum aonekane mjanja, na ujanja wenyewe ni wa makombo. Hilo silitetei.

Zumaridi
Mkate wa Elves, wale viumbe wa hekaya, halafu kesi imeamuliwa kwa makombo 😂