Naacha kazi Masasi, bima inaisha mwezi huu: nani atanilinda kwa wagonjwa wa nyuma?

DaktariWaKusini
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni daktari, miaka minne sasa niko kituo binafsi cha afya huku Masasi. Mwisho wa mwezi nahamia Mtwara mjini, mimi na mwenzangu tumepata vyumba Chikongola tufungue kliniki. Bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayokulinda mgonjwa akikudai fidia kwa kosa la kazi, nalipia mwenyewe. Nilipompigia wakala kumwambia nahamia kampuni yenye ada nafuu akauliza, "Yako ni ya tukio au ya madai?" Sikuwa na jibu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwezi wa tatu nilizalisha mama wa uzazi wa kwanza, usiku. Mtoto alitoka amelegea, kimya. Nilimpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia pumzi, karibu dakika saba ndipo akalia, tena kwa sauti ndogo mno. Asubuhi tukampa rufaa. Wiki iliyopita babu yake alikuja kituoni kuomba nakala ya faili. Hakufoka. Aliuliza tu mbona shingo ya mjukuu wake haijakaza mpaka leo. Namuwaza huyo mtoto na mama yake kila siku. Dai likija mwakani, nani atasimama nami?

BimaMikindani
Pole sana Daktari. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, nisikilize kwa makini.

Bima ya tukio inaangalia siku kosa lilipotokea. Kama siku hiyo ulikuwa umelipia, dai likija hata baada ya miaka kumi ni mzigo wa kampuni ile ile. Bima ya madai inaangalia siku dai linapofika. Ukiiacha imeisha, ulinzi umeondoka nayo, hata kama ulilipa miaka yote minne bila kukosa.

Kama yako ni ya madai, njia ni mbili. Unanunua kwa kampuni ya zamani muda wa nyongeza wa kupeleka madai. Unalipa mara moja tu, na mara nyingi inazidi ada ya mwaka mzima. Au kampuni mpya ikubali kubeba kazi zako za nyuma kuanzia tarehe ile ile ya mwanzo iliyoandikwa kwenye bima ya sasa. Wakikuandikia tarehe ya leo, miaka minne yote iko wazi.

Lakini kwa huyu mtoto usitegemee kampuni mpya. Jambo unalolijua tayari hawalibebi, na ukilificha wanaweza kuifuta bima yote. Andika barua kwa kampuni ya SASA, kabla mwezi haujaisha: tarehe, kilichotokea, babu kuomba faili. Bima nyingi za madai zinakubali taarifa ya namna hiyo, na dai likija baadaye linahesabiwa kama limefika leo. Wakugongee muhuri kwenye nakala yako.

MkungaLindi
Daktari, naomba sana, usiguse lile faili. Hata kama patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, ina saa mbili hazikujazwa, ziache hivyo. Chukua nakala tu kwa utaratibu wa kituo. Na babu msimkimbie, mzungumze naye mkiwa na mganga mfawidhi, ila usiahidi pesa kabla ya kuongea na bima. Na huyo mtoto ameanzishiwa mazoezi ya viungo?

Wakili_Newala
Niongezee. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, ila kwa mtoto hesabu inaanza akifikisha 18. Maana yake yeye mwenyewe anaweza kudai mpaka miaka 21. Ukiuziwa muda wa nyongeza wa mwaka mmoja kwa mtu anayezalisha, haukutoshi.

GanziMtwara
Mimi ni wa serikali. Huku mgonjwa anaishtaki serikali, kwa notisi ya siku 90 kwanza. Ila Baraza la Madaktari Tanganyika linakuita wewe binafsi, kwa hiyo soma kama bima yako inalipa wakili wa huko. Angalia pia kama gharama za wakili zinakatwa kwenye kiwango cha fidia au ziko pembeni.

DaktariWaKusini
Nimeifungua bahasha. Ni ya madai. Kiwango ni milioni 50 kwa dai moja, na wakili anakatwa humo humo. Barua nimeiandika usiku huu, kesho asubuhi naipeleka kwa mkono. Mkunga, mazoezi bado hajaanza. Nimempigia mwenzangu wa kitengo cha mazoezi ya viungo, amesema mama amlete Jumatatu.