Nimeuziwa kasha jipya kwa jina la kasha la zama za Sayyid Barghash: muuzaji anayetaja umri wa kitu auandike kwenye risiti

Ndugu wana jukwaa, salaam na heshima kwenu nyote. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazikuipoza, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe halieleweki bila kulieleza tangu mwanzo.

Binti yangu anaolewa baada ya mfungo. Nilikusudia kumnunulia kasha la njumu, lile kasha la msaji lililopigiliwa misumari na mabamba ya shaba, ambalo mwari wa pwani alikuwa akienda nalo kwa mumewe akiwa ametia ndani kanga zake, udi wake na dhahabu zake. Bibi yangu mzaa mama, huko Pangani, alikuwa nalo. Liliuzwa mwaka 1986 kwa mnunuzi aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, kwa fedha ambayo haikumaliza hata mabati ya jiko, na mama yangu alilizungumzia kasha hilo mpaka siku zake za mwisho. Kwa hiyo nilipovuka kwenda Unguja mwezi uliopita, sikuwa nikitafuta pambo la sebuleni.

Katika duka moja la vitu vya kale la Mji Mkongwe, ambalo silitaji, nilipokewa na kijana mwenye adabu nyingi. Alinikalisha, akaniagizia kahawa, kisha akaninyanyulia kifuniko cha kasha lenye droo tatu chini na kishubaka cha pembeni, kama lile la bibi. Akaniambia, "Mama yangu, hili ni la zama za Sayyid Barghash. Limeshuka na jahazi kutoka Surat, limekaa nyumba moja pale Malindi miaka mia na arobaini, na wenyewe wameliuza kwa shida tu." Nililiamini neno lake kwa sababu lilifanana na kweli. Barghash alikuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na makasha mengi ya pwani yetu yalitoka Surat na Bombay, huko India, yakiletwa na majahazi ya kaskazi. Huyu hakuwa mtu asiyejua anachokiuza. Alikuwa amejifunza historia yetu vizuri, akaitumia kunifunga macho. Alianzia shilingi 2,500,000, tukaishia 1,800,000, nikalipa pia mchukuzi na nauli ya mzigo wa boti hadi Dar es Salaam.

Nyumbani nililifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia, na harufu iliyopanda ilikuwa ya dawa ya viatu. Nilimwita fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee aliyeshika randa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alivuta droo ya chini mpaka ikatoka yote, akakwangua kidogo mahali pasipoonekana, na mti uliokuwa chini ya rangi ulikuwa mweupe kama nyama ya nazi. Akasema ni mwembe, si msaji. Akachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaipitisha juu ya misumari ya "shaba", nayo ikanasa kila msumari, ilhali shaba hainaswi na sumaku. Mwisho akanionyesha bawaba. Zilikuwa zimefungwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, aina ambayo ilipewa hataza Marekani katika miaka ya 1930, wakati Sayyid Barghash alikuwa kaburini karibu nusu karne.

Nilimpigia simu muuzaji. Hakukana moja kwa moja. Alisema huenda kasha lilifanyiwa ukarabati. Ningekubali maelezo hayo kama ingekuwa skrubu moja au mbili za bawaba iliyolegea, lakini zote kumi na mbili ni za namna moja, na hakuna tundu hata moja la msumari wa zamani pembeni yake. Nilipomweleza hayo alinijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwamba risiti yangu imeandikwa "kasha 1", kwa hiyo nililipia kasha na kasha nimepewa.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Mdomo wake ulitaja mfalme, bandari, mtaa na hesabu ya miaka. Kalamu yake iliandika neno moja na tarakimu moja. Maneno yote yaliyopandisha bei yalibaki hewani, na karatasi ninayoweza kumwonyesha hakimu haisemi chochote. Huku si kupatana bei. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeshonwa mapema kwa makusudi.

Nikikumbuka vizuri, dalili ilikuwapo siku ileile. Kwenye kabati la kioo alinionyesha reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, akaniwekea kidole kwenye mwaka 1780 na kuniambia ina zaidi ya miaka mia mbili. Reale hizo zilikuwa fedha ya biashara Unguja kweli, lakini baada ya Maria Theresa kufariki mwaka huohuo wa 1780 ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo mwaka ulioandikwa hapo hauthibitishi umri wowote. Sikuinunua, na wala sikuulizia zaidi, jambo ambalo najilaumu.

Kuna mtu mwingine aliyedhulumiwa, naye hajui. Nakshi za kasha hili ni nzuri. Yungiyungi lililochongwa mbele lina mkono uliotulia, na pembe za droo zimekaa sawasawa kabisa. Yuko fundi aliye hai, pengine ni kijana, aliyeinama siku nyingi juu ya mbao hizi, kisha kazi yake ikapakwa dawa ya viatu na kupewa marehemu. Ningeambiwa kwamba ni kasha jipya la fundi fulani, ningelinunua kwa bei yake ya haki na kumwambia binti yangu jina la aliyelichonga.

Ninachokidai kwa muuzaji yule ni fedha zangu, na niko tayari kulirudisha kasha kwa gharama yangu. Ninachokidai kwa wauzaji wote wa vitu vya kale ni kwamba anayetamka "miaka mia" aiandike kwenye risiti, pamoja na aina ya mti, aina ya madini na mahali kitu kilipotoka. Asiyejua umri aandike kwamba haujulikani, wala hatutamlaumu.

Picha za bawaba, za sehemu iliyokwanguliwa na za risiti nitaziweka hapa chini usiku huu. Nanyi mliowahi kununua kasha la njumu, tafadhali vuteni droo ya chini mpaka itoke yote, mtazame mbao za nyuma yake, kisha mtuandikie mlichokikuta na mlichoandikiwa kwenye risiti.