Mrejesho: kisu cha kuchunia mbuzi

Wadau, asanteni. Niliuliza nitajuaje kisu cha bei nafuu kisichokunjwa kama ni chuma cha maana. Nilienda soko la Kibuye, Kisumu, na tupa mfukoni ya kupimia ugumu wa chuma: ikikila ni laini, ikiteleza ni kigumu. Kisu cha kwanza kinang'aa kama kioo, lakini tupa ilikila kama sabuni! Cha pili, cha springi ya gari, tupa iliteleza tu, na chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini. Nikalipa shilingi 900. Jumamosi kimechuna mbuzi wawili bila kunolewa.

Aliyenionya kuhusu kutu nilimpuuza. Nilikilaza kwenye ala ya ngozi kikiwa na unyevu; asubuhi madoa tele. Msasa laini na mafuta ya kupikia vimesaidia, ila alama mbili zimegoma. Mpini nao unacheza kidogo, nitamrudishia fundi.