Tupeane uzoefu: mliowahi kufungua biashara ya chakula na marafiki zenu, ilikuwaje?

Mleta mada

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko Dodoma, Ipagala, mchana nafundisha usiku naandika. Kuna riwaya nahangaika nayo mwaka wa pili sasa, inahusu marafiki watatu waliosoma pamoja hapa hapa mjini wakaamua kuanzisha biashara ndogo ya kupikia shughuli, kipaimara, sendofu, misiba, semina. Nimefika katikati nimekwama.

Sura za mwanzo zilitoka zenyewe kwa sababu Dodoma ya kabla ya 2016 naijua na ya baada naijua, niliona serikali ilipotangaza inahamia huku jinsi kila mwenye sufuria kubwa alivyoanza kupiga hesabu, kwahiyo pale pa matumaini hapakunisumbua kabisa. Kinachonisumbua ni wanapoanza kukosana. Niliandika wanagombania hela, nikasoma nikaona haya ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria ya watu mia. Nikaandika mmoja kaiba, nikafuta, maana rafiki mwizi ni rahisi mno, msomaji anajua wa kumchukia na kesi imeisha. Nahisi ukweli uko kwingine na nyie mliopitia mnaujua.

Naombeni mnisimulie. Ushauri wa mtaji na faida upo mwingi, mimi nataka siku yenyewe ilivyokuwa, mlikuwa wapi, nani alisema nini, nini kiliungua. Nitasoma kila kitu.

Mbeba Sufuria

Mimi yangu fupi. Tulikuwa watatu UDOM, mwaka wa pili, tukawa tunapika wali maharage na samaki getoni tunapeleka hosteli kwa oda. Ilienda vizuri miezi saba hivi. Hatukugombana hata siku moja. Mmoja akapata ajira Mbeya, mwingine akaoa, mimi nikabaki na majiko mawili na hotpoti kumi na moja. Nadhani na hiyo iandike, kuna biashara zinakufa bila ugomvi, unaamka tu siku moja unakuta unapika peke yako.

Mwiko wa Mti

Mleta mada nimesoma ulichoandika kuhusu rafiki mwizi nikaona huyu anastahili kuambiwa. Sijawahi kuandika hili popote.

Tulianza 2018, wanawake watatu, uwani kwa mmoja wetu Chang'ombe. Mimi ndo nilikuwa wa hesabu na kutafuta kazi. Wa pili alikuwa na mdomo mtamu na mpambaji, meza akiipanga hata kama ni wali na kabichi unaona ni harusi ya waziri. Wa tatu ndo alikuwa na mkono. Sijui nielezeje mkono wake, pilau yake vitunguu alikuwa anavikaanga mpaka vinakuwa rangi ya mbao ya mninga, ukimwambia vinaungua anakwambia subiri, anasogeza uso karibu na sufuria ananusa, kisha anasema sasa, na kweli ilikuwa sasa. Hakuwahi kupima chumvi kwa kijiko.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa ubarikio, watu 80. Siku hiyo bomba halikutoa maji tukachota ya kisima, wenyeji mnajua visima vingi vya huku maji ni ya chumvi na mazito. Maharage tuliyaweka jikoni saa nane usiku. Saa kumi na mbili asubuhi ukibonyeza moja kwa vidole ganda linateleza lakini ndani bado kiini kigumu. Saa mbili hivyo hivyo. Tukatia magadi, yakalainika kwa nje yakageuka rangi na yakawa na ladha ya sabuni. Mimi nilikaa chini nikalia, nasema ukweli. Yule mwenye mkono hakusema kitu, alifunga kanga kiunoni akachukua ndoo mbili zenye mfuniko akapanda bajaji mpaka Majengo sokoni, akapita kwa mama lishe mmoja mmoja ananunua maharage yaliyokwisha kuiva, huyu bakuli nane huyu kumi, akarudi saa nne na nusu na ndoo zimejaa. Akayaunga upya na nazi, yote pamoja yakawa kitu kimoja. Wageni walisifia maharage kuliko kuku. Mpaka leo mwenye shughuli hajui.

Sasa ugomvi. Tuligawana sawa kwa tatu, kila kazi, kwa sababu ni marafiki na tuliona ndo haki. Miaka miwili hivi. Halafu usiku mmoja tumetoka harusi Kisasa, saa saba, tuko uwani tunaosha masufuria kwa taa ya simu, yeye anakwangua ukoko kwenye ile kubwa kuliko zote, mimi nimekaa kwenye ndoo nahesabu hela. Nikasema kwa furaha kabisa, jamani kila mtu laki na themanini. Akaendelea kukwangua. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "mimi naamka saa nane, nyie mnakuja saa mbili mmeshaoga."

Basi. Hakuongeza neno. Mimi nikamjibu kitu ambacho nikikikumbuka natamani kukirudisha mdomoni, nikamwambia kazi hizi nani anazileta. Mwenzetu wa tatu akacheka akidhani ni utani.

Kazi iliyofuata hakuja. Ilipofika saa tisa usiku bodaboda akagonga geti ameleta kitu kirefu kimefungwa kwenye kanga, ulikuwa ule mwiko mkubwa wa mti ambao alikuwa anarudi nao nyumbani kila baada ya kazi kwa sababu aliuchonga babu yake. Hapakuwa na ujumbe wala simu. Tulipika wenyewe siku hiyo, pilau ikaiva na watu wakala, ila kila mtu alijua sio ile.

Mkazi wa Nkuhungu

Dada umenigusa aisee.

Sisi tulikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja, tulilenga semina na vikao, si unajua mji umejaa ofisi. 2021 tukapata kazi ya siku tano ofisi moja ya umma, chai ya saa nne na chakula cha mchana, watu 60. Furaha yake siwezi kuisimulia. Tulikopa nyama kwenye bucha, tukakopa mchele, mmoja wetu akaweka bodaboda yake rehani kupata hela ya kuku na soda. Kazi tukaifanya safi, wakatupongeza kwa kipaza sauti. Malipo tukaambiwa wiki mbili. Yakaja baada ya miezi mitano, na yamekatwa kodi ya zuio asilimia 5 ambayo ni sheria kwa huduma ila sisi kwenye hesabu zetu hatukuiweka kabisa, na faida tuliyopanga ilikuwa nyembamba kwahiyo hiyo asilimia 5 ilikula karibu nusu yake.

Lakini mleta mada sikiliza hapa, sio kucheleweshwa kulikotuachanisha. Jina lililoandikwa kwenye daftari la bucha ni langu, kwa sababu mwenye bucha ni jirani yangu. Miezi mitano ile anayepigiwa ni mimi. Nikipita na mtoto njiani ananisimamisha mimi. Nikawa nazunguka njia ya nyuma kwenda kwangu. Wenzangu nikiwaambia wanasema vumilia si itaingia, wanasema kwa upole kabisa, na walikuwa wanalala. Deni lilikuwa la watatu, simu ilikuwa yangu. Hela ilipoingia tulilipa kila mtu, mwenye pikipiki akaikomboa, tukala pamoja na kuku wa kuchoma, na baada ya pale sikuwatafuta tena. Hakuna aliyenikosea ukiniuliza kosa ni lipi siwezi kulitaja.

Siku hizi nafanya peke yangu, misiba na kipaimara zaidi. Semina nazo zimebadilika, tangu SGR ianze kufika hapa Julai 2024 kuna watu wa Dar wanakuja na treni ya asubuhi wanarudi jioni, chakula cha usiku oda kwangu zimepungua.

Mpita Njia wa Singida

Ndo maana wazee walisema ukitaka kumpoteza rafiki fanya naye biashara. Mimi siwezi.

Mjukuu wa Kongwa

Mkuu hapo juu kwa heshima zote sikubaliani na wewe. Tuko watano, wanawake, mwaka wa sita huu, na bado tunashonesha sare za harusi pamoja.

Ngoja nieleze maana kilichotuokoa hatukukipanga. Tulitaka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo wanawake 4 vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, hauna riba. Ili uombe lazima muwe kikundi kilichosajiliwa na mna katiba. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akatupa mfano tukaambiwa kaeni muijaze. Tulikaa nyumbani kwangu Jumapili tatu mfululizo. Ukurasa wa kwanza mwepesi, jina, malengo. Ukifika pale pa majukumu ya kila mwanachama ndo kazi ilipoanza. Nani anaamka usiku. Je anayeamka usiku na anayekuja kugawa chakula saa saba mchana ni sawa? Anayetoa uwanja wake moshi unaingia chumbani kwa watoto, analipwaje? Mkaa ukitoka nyumbani kwa mtu unaandikwa? Kuna mmoja alilia siku hiyo, akasema jamani hii miezi yote maji mnayotumia nalipia mimi na mimi nilikuwa naona aibu kusema. Hatukujua. Tulikuwa tunafungua bomba tu.

Tukaandika. Mpishi wa usiku anatolewa hela yake kwanza kabla ya kugawana, mwenye uwanja anatolewa ya maji na ya moshi, ndiyo tuliandika hivyo, ya moshi, kisha kinachobaki ndo kwa tano. Kila hela iliyotoka mfukoni mwa mtu hata kama ni mia tano inaingia daftarini na hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini.

Mkopo hatukuupata. Aprili 2023 mikopo ile ikasimamishwa nchi nzima, tukabaki na katiba mkononi. Ilipokuja kurudi tulikuwa hatuihitaji tena.

Na kingine mleta mada, kwenye riwaya yako usisahau chakula cha kwetu. Sisi tulianza kupata majina siku tulipoweka ugali wa uwele na mlenda wa karanga kwenye bufee ya wageni, mwanzoni tuliogopa tukauweka mwisho wa meza kwenye chungu kidogo. Mzee mmoja wa Kigogo amevaa suti alisimama pale, akafunua akanusa, akarudisha sahani yake yenye wali akaomba nyingine. Chungu kiliisha kabla foleni haijafika katikati.

Mama Kijacho

Samahani natoka nje ya mada kidogo, kilo moja ya mchele mnalisha wangapi? Nina kipaimara cha watu 100 mwezi ujao.

Mjukuu wa Kongwa

Sisi kilo moja tunaweka watu sita kama kuna ndizi na viazi pembeni, watano kama wali ndo chakula chenyewe. Kwako chukua kilo 20. Na maji ya maharage tafuta ya bomba au ya mvua, yaloweke toka jana yake, usikie alichosema dada Mwiko.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili, nyingine tatu. Mkazi wa Nkuhungu, ile ya kuzunguka njia ya nyuma nimesimama nikatembea chumbani. Mjukuu wa Kongwa hela ya moshi sitaisahau. Nimefuta sura mbili leo asubuhi na sijutii, nimeona sasa wahusika wangu nilikuwa nawapa hela ya kugombania wakati nilitakiwa niwape usiku, nani yuko macho na nani amelala.

Dada Mwiko wa Mti nina swali moja, na kama linauma usijibu. Mlikuwa na daftari la hesabu kama kina Mjukuu? Unalo bado? Nataka kujua ukurasa wa ile kazi ya kwanza ulikuwa umeandikwa nini.

Mwiko wa Mti

Nimechelewa kujibu kwa sababu ilibidi nilitafute, lilikuwa kabatini chini ya sahani, limelowa pembeni ila linasomeka.

Ukurasa wa kwanza. Mchele kilo 16. Kuku 14. Maharage kilo 8. Mafuta lita 10. Vitunguu, nyanya, karoti, hoho, nazi, vyote mwandiko wangu. Mkaa gunia 1. Kukodi sahani 100. Kisha mwandiko unabadilika, wake, ameandika kwa penseli amebana chini kabisa karibu na ukingo wa karatasi, maharage mama lishe 28,000, bajaji Majengo kwenda na kurudi 6,000.

Ile 28,000 nimeiwekea alama ya vema. Ile ya bajaji imekatwa mstari kwa peni nyekundu na pembeni imeandikwa "hii sio ya biashara."

Peni nyekundu nilikuwa nayo mimi peke yangu. Nimekaa nayo tangu jana usiku najaribu kukumbuka siku niliyoikata na siikumbuki kabisa.