Rangi za nebula: tunaonyesha kilichopo au tunapaka?

Mleta mada: Wakuu, salamu. Mwishoni mwa Januari nilikuwa nje kidogo ya Dodoma, kundi la nyota la Orioni liko utosini kabisa, nikapiga picha ile nebula yake maarufu, wingu la gesi na vumbi. Kumwonyesha baba mdogo, akaitazama kwenye simu, akachungulia kwenye darubini, akarudi kwenye simu. "Huku mbona ni moshi wa kijivu tu? Hii nyekundu umeipaka wewe." Nikaanza kujitetea, katikati nikajishtukia. Picha moja moja zilivyotoka kwenye kamera zilikuwa karibu nyeusi tupu, kasoro kitone cha mwanga katikati. Nimeunganisha 90 za sekunde 60, nikainua mwanga, nikakoleza rangi. Msimamo wangu: kuinua mwanga si uongo, kugeuza rangi bila kusema ni uongo. Nasubiri mawe.

Fundi picha: Mkuu, unajitesa bure. Kamera ya kawaida ina filta mbele ya kihisi inayokata sehemu kubwa ya ule wekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Ndiyo maana Canon walitoa 20Da mwaka 2005 na Nikon D810A mwaka 2015, maalumu kwa wapiga picha za anga. Hiyo picha "isiyoguswa" imeshaguswa kiwandani. Mimi naongeza nyekundu na usingizi napata.

Mwalimu wa fizikia: Baba mdogo kaona sawasawa. Gizani jicho hutegemea seli zisizotambua rangi, na kwa wekundu ndiyo butu kabisa. Kamera hukusanya mwanga saa nzima, jicho halifikishi hata sekunde. Tukisema kipimo ni jicho, nebula zote tuzichapishe za kijivu. Ila Fundi, usijifiche hapo. Kurudisha wekundu uliokatwa ni halali. Kukoleza mpaka gesi ifanane na juisi ya rozela, hapana. Ukitaka bluu isiyo na ubishi piga Kilimia, vumbi la pale linatawanya mwanga wa nyota zenyewe.

Mwanafunzi: Samahanini wakubwa, na zile Nguzo za Uumbaji, minara ya gesi iliyopigwa picha na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995? Haidrojeni wameipa kijani! Nao ni waongo?

Mwalimu wa fizikia: Hapana, mwanangu. Haidrojeni na salfa zote zinatoa mwanga mwekundu, moja nanomita 656, nyingine karibu 672. Ukiziacha zilivyo zinamezana, hujui ipi iko wapi. Wakaipa salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, na wakasema. Isome kama ramani. Hakuna aliyeshtaki mchora ramani kwa kulipaka Ziwa Victoria bluu.

Fundi picha: Ngoja nijichongee mwenyewe. Ukifuata mpangilio huo picha inatoka kijani kibichi kama bwawa la mwani, kwa sababu haidrojeni ndiyo nyingi. Sisi tunakipunguza kijani mpaka kigeuke dhahabu, watu wapende. Sasa hiyo dhahabu ni ya gesi gani? Sina jibu.

Mleta mada: Basi na mimi nikiri langu, na wala si la rangi. Katikati ya Orioni kuna nyota nne zilizobanana, kwenye picha za sekunde 60 zilikuwa doa jeupe tu. Nikapiga nyingine za sekunde 5, nikazipachika hapo katikati, kisha nikainua mwanga wa mabawa ya gesi ya pembeni. Kwenye picha yangu bawa na kitovu vinang'aa karibu sawa, wakati kitovu kinalizidi bawa mara nyingi sana. Nilikuja hapa nikiapa mwanga hauna dhambi, kumbe ndipo nilipochezea zaidi. Toka leo nitaandika chini ya kila picha nilichofanya, kuanzia na mwanga.

Baba mdogo nimemtumia moja ya zile 90, haijaguswa. Kajibu: "Hii mbona giza? Nirudishie ile nyekundu."