Kamera ya laptopu: nizibe, au taa inatosha?

BintiNkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua ThinkPad ya mtumba. Naishi chumba kimoja Nkuhungu, Dodoma, meza inatazamana na kitanda, na mashine haizimwi maana usiku nachapa kazi za watu. Kaka yangu anasema nisihangaike, kamera ikiwaka kitaa cha pembeni kitanionyesha. Sokoni Majengo nimeona vifuniko vya kamera vya kusogeza. Ninunue, au ushamba?

Zabibu_Tamu: Dada, nani ana muda wa kukuangalia ukichambua maharage? 😂

FundiMakole: Achana na huyo. Inategemea mashine. Zipo ambazo taa na kamera vinakula umeme wa njia moja: kamera ikipata, taa lazima iwake. Hizo nazikubali. Nyingine taa inaamriwa na programu iliyo ndani ya kamera, na programu hubadilishwa. Mwaka 2013 Brocker na Checkoway wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kamera za MacBook za kabla ya 2008 zikirekodi huku taa imezima. Mwaka 2024 mtafiti mwingine akaiweza ThinkPad X230, tena bila kufungua hata skrubu. Yako ipi?

BintiNkuhungu: Mungu wangu. Hiyohiyo X230.

FundiMakole: Basi ziba. Taa hata ikiwa ya kweli, saa nane usiku umelala inamwonyesha nani? Ila vya kusogeza kwa vumbi letu hili sivipendi. Juzi nimepokea mashine ya mteja anayekaa kule Mtumba, kijireli kimejaa vumbi jekundu, kila akisogeza ni msasa tu. Kata tepu nyeusi ya mafundi umeme, kunja ncha upate pa kuvutia, katikati weka kikaratasi ili gundi isiguse lenzi. Wenye MacBook wasiige vifuniko vinene: Apple walionya 2020 kwamba ukiifunga navyo kioo kinaweza kuharibika. Ikibidi, kisizidi milimita 0.1.

MamaKisasa: Na maiki je, fundi? Tepu haizibi masikio.

FundiMakole: Hapo umenena, mama. Binti, ukiwasha bonyeza F1, ingia sehemu ya usalama, utakuta orodha ya vifaa. Zima maiki humo, na kamera pia kama huitumii. Siku ya kikao cha Zoom unarudi kuviwasha, inakula dakika moja.

BintiNkuhungu: Ubarikiwe fundi. Tepu ninayo, ya kaka huyohuyo.